Maksai na Mashine ya Zege

Mashine ya kuchanganya zege ni nzito na haina adabu. Ile niliyoipeleka Sibwesa, kwenye ujenzi wa zahanati, ilikuwa mzigo wangu wa kwanza kama dereva. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa utingo. Bosi alinipasulia kabla sijatoka Mpanda: ikianguka, narudi kuwa utingo, na usukani nitausikia kwenye bomba.

Nafika, hakuna winchi wala jukwaa la kushushia. Kuna kichuguu tu. Mafundi hawakushtuka, huku kwetu kichuguu ndiyo bandari. Walikichonga juu kikawa sawa na bodi ya lori, upande wa pili wakakilaza kuwa mteremko, nami nikarudi nyuma polepole mpaka vikagusana. Mashine ina magurudumu, ilibaki kupata wa kuivuta.

Baba mmoja wa Kisukuma, jirani wa zahanati, akaleta maksai wake wa kulimia. Wakafungwa kwenye mashine, wakaivuta kutoka kwenye lori hadi kichuguuni, wakashuka nayo, mafundi wakiizuia nyuma kwa kamba. Safi kabisa! Ila walipofika chini hawakusimama.

"Baba, wasimamishe!" nilipiga kelele.

"Hawa husimama wakimaliza kulima, dada!"

Kulima! Waliingia kwenye shamba lililovunwa mahindi, wametulia kama wazee wa kanisa, mashine inarukaruka nyuma yao. Tukawakimbilia: mafundi, akina mama waliokuja kusomba mchanga, mbwa wao, na mimi na kandambili mkononi. Roho ilikuwa juu juu, ila nilikuwa nacheka, nacheka na kumwomba Mungu kwa pumzi hiyohiyo. Mwisho wa shamba wakageuka wenyewe, wakarudi na mstari wa pili mpaka karibu na msingi. Hapo wakasimama, wakaanza kucheua.

Fundi mkuu aliizunguka mashine, akaipiga teke, akaiwasha. Ikaunguruma! Akina mama wakapiga vigelegele.

Simu ikaita. Bosi.

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

"Haijaanguka?"

"Haijaanguka, bosi. Imelima kidogo tu."

 

"Haya, wahi kurudi. Kesho unaendesha mzigo wa Katumba."

Nilikaa kwenye mchanga wa zahanati, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Unaendesha, amesema.