Kimya cha Wimbo wa Tatu

Kwa nini wanamuziki saba wanyamaze kwa pamoja katikati ya wimbo, wakae kimya muda wa pumzi kadhaa, kisha waendelee kana kwamba hawakuacha kitu? Nilirudia sehemu ile mara nyingi, visikizio masikioni, nisipate jibu. Basi nikaandika kwamba jibu halipo.

Albamu ilirekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa parokia hapa Musonoi, mtaa wa wachimbaji. Kwetu jazi ni dansi. Hawa walichukua tarumbeta mbili za wazee waliowahi kupiga katika fanfari, bendi ya tarumbeta ya wachimbaji, wakaunganisha likembe, kile kinanda cha vidole gumba, na spika, na hawakukubali mdundo wowote ukae zaidi ya dakika moja. Jirani yetu alikwenda kuwasikiliza amevaa kitenge kipya.

"Nilisimama juu ya kucheza," aliniambia, "nikaikala, nikasimama tena. Ku mwisho nikarudia ku nyumba."

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba na rafiki niliyesoma naye chuo kikuu Lubumbashi. Tulifundisha shule moja. Mimi nimezaliwa Musonoi, karibu na ukingo wa mashimo ya mgodi; yeye ni wa Lubudi, na alikuwa amekaa nami miaka mitatu. Jarida moja la mtandaoni la Lubumbashi lilikuwa likitafuta mhakiki wa muziki wa safu ya kila mwezi. Mhariri alitutumia albamu sote wawili: atakayeandika vizuri zaidi, safu ni yake. Niliitaka safu ile mpaka usingizi ukapungua. Darasani mimi ndiye niliyebishana na maprofesa. Yeye alinakili madaftari yangu.

"Leta tuisikilize pamoja," alisema.

"Kila mutu na masikio yake."

"Eh, profesa! Unaogopa nitakuiba mawazo?"

"Ndiyo."

Alicheka. Sikuwa natania. Jumamosi hiyo alipanda gari kwenda kwao Lubudi, albamu ikiwa kwenye simu yake, nami nikabaki na visikizio vyangu.

Uhakiki wangu ulikuwa mkali. Nilihoji kila kitu, hata saa: nani anapiga jazi saa nane mchana, siku ya Alhamisi, wakati watu wenye akili wako kazini? Kuhusu wimbo wa tatu niliandika kwamba katikati yake kuna shimo ambalo bendi imeshindwa kulijaza, na sasa inatutaka tuliite ujasiri. Nilijisomea sentensi hiyo kwa sauti, nikaipenda.

Mhariri alichapisha hakiki zote mbili, moja juu ya nyingine. Ya rafiki yangu ilikuwa juu. Aliandika kwamba katika wimbo wa tatu vyombo vinakoma, baruti inalipuka mgodini, vioo vya ukumbi vinatetemeka, kisha likembe inarudi kwa sauti ileile ya vioo. "Wananyamaza ili mgodi useme." Maneno manne. Safu akapewa yeye. Redio moja ya Ubelgiji iliyasoma maneno yale hewani. Wahakiki wa Ulaya nao walikisifu kile kishindo. Mmoja alidhani ni ngoma kubwa ya mababu. Huyo naye, pamoja na ujinga wake, alikuwa amesikia kitu. Mimi peke yangu niliandika kwamba hakuna kitu. Nilisoma uhakiki wa mwenzangu nikitafuta kosa, nikapata koma moja mahali pasipostahili, na koma ile ikanipa furaha ya mchana mzima.

Nikaurudia wimbo. Baruti ilikuwepo, kubwa, wazi. Ni ile ya kila mchana, ambayo imelipuka tangu sijajua kutembea. Nyumbani kwetu, saa ile ikifika, mkono unakwenda wenyewe kushika vikombe visianguke mezani, na mazungumzo hayakatiki. Nilitazama chini. Mkono wangu ulikuwa juu ya kikombe cha chai.

Wiki chache baadaye nilimkuta mpiga ngoma wa bendi kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Nilimwuliza kama ile baruti ilikuwa bahati tu.

"Bahati, mama? Tuliendaka kusoma saa ku tablo ya mgodi, kwenye banaandikaka saa ya baruti. Njo juu ya ile tulichagua Alhamisi, saa nane." Akainua kofia ya kuchomelea, uso umejaa kicheko. "Lakini kuko moya aliandika ku internet ati ni shimo tu. Ule hawezi kuwa mutu wa huku."

"Pengine," nilisema.

Sikumpongeza rafiki yangu. Nilijitafutia maelezo mazuri, yenye sura ya hoja: yeye ni mgeni, na mgeni husikia, mimi nimezibwa masikio na kuzaliwa hapa. Hakunishinda kwa akili, Lubudi ndiyo iliyomsaidia. Hoja hiyo nimeishi nayo miaka mingi. Nilihoji kila kitu isipokuwa hiyo. Nilihama chumba, tukawa watu wa kusalimiana kwa simu sikukuu tu.

Mwaka jana alinialika harusi yake Lubudi, nikaenda. Asubuhi ya harusi nilikaa na mama yake nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi, naye akanisimulia bila kuulizwa, kwa sababu bado inamchekesha. Jumamosi ile binti yake alirudi kutoka Musonoi na muziki ambao alikuwa ameshausikiliza mara tatu peke yake. Akauweka kwa sauti, mama akiwa na mahindi yake, mpaka wimbo wa tatu ukafika katikati.

"Mi nikamuuliza: 'Nini imeanguka?' Ye ananijibu: 'Hapana, mama, hakuna kitu.' Nikamuambia: 'Rudisha nyuma.'"