Mvinyo Usioonjwa

Juzi, nikiwa dukani Msamvu, mama mmoja alikuja kutafuta mvinyo wa Marekani wa bei nafuu kwa sherehe ya kumuaga binti yake. Wakwe wanaishi huko, hakutaka aibu. Kijana muuzaji akamshushia chupa nzito yenye nembo ya dhahabu.

"Hii ndiyo yenyewe, mama. Tamu balaa!"

"Nionje."

"Mvinyo hauonjwi, mama yangu. Ukifungua umenunua."

Mama akaweka mkoba juu ya kaunta, akauegemea. "Sokoni Mkuyuni nanasi nakatiwa kipande kabla sijanunua. Huu unataka wakwe ndio wanionjee? Fungua huo, na ule pale wa bei ya chini. Chupa zote mbili nalipa, na utakaonifaa nabeba katoni."

Kijana akatafuta kizibuo.

Ule wa chupa nzito ulimkunja uso kama ndimu. Wa bei ya chini akaumeza taratibu, akaongeza. "Huu. Ule mwingine mnauza chupa tu." Akamsogezea kijana glasi ya ule wa nembo ya dhahabu. "Nawe onja."

Kijana akaonja, uso ukamkunjika vilevile. "Kumbe ndivyo ulivyo!"

Tangu hapo mtu akinisifia chochote, kiwe chupa au mgombea, namuuliza: wewe umeonja?