Manukato Niliyoyafanya Chambo

Nilijipaka manukato ya mke wangu, nikapanda gari kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, nikazunguka mnadani nikimsubiri mwanaume atakayegeuza shingo. Huo ndio upumbavu wenyewe, nauweka hapa juu usije ukadhani nitauficha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: atakayeitambua ile harufu ndiye mbaya wangu. Kidato cha nne nilimaliza, fizikia nilipata nilichopata, lakini jaribio hilo nililibuni mwenyewe.

Watu wa mtaani kwetu wananijua. Mimi ni mtu wa ndani. Nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, nasikiliza redio, nakunywa chai sebuleni kwenye kochi ambalo limeshachukua umbo langu. Mwenye shida ya mayai hunifuata. Mke wangu ndiye mtu wa barabara. Anauza vitenge na mashuka, leo Mbekenyera, kesho Ruangwa, na miaka yote hiyo sikuona shida, kwa sababu alikuwa akirudi ananuka vumbi. Vumbi halina mwenyewe.

Halafu akaanza kurudi ananukia.

Haikuwa ile pafyumu ya dukani yenye harufu ya peremende. Hii ilinukia kama mtu aliyeshinda anabangua korosho, moshi ukamganda kwenye nguo, kisha akapita chini ya mndimu uliotoka kunyeshewa. Mwanzoni kali, baadaye inalainika taratibu, na asubuhi unaikuta bado ipo kwenye mto. Chupa yenyewe ndogo kama kidole gumba, haina jina, ina kijiti cha kupakia kwenye kifuniko.

"Hiyo ni ya kiume," nikamwambia.

"Ni ya wote."

"Wote akina nani?"

"Mwanaume anapaka, mwanamke anapaka. Yule mama anayeniuzia mnadani Ruangwa anachanganya mwenyewe, na hamuuzii kila mtu. Alinitazama akasema haya ni ya mtu mchangamfu, asiyeogopa kutazamwa."

Nikaweka kikombe chini. Mchangamfu? Mwanamke huyu akifika nyumbani huvua viatu, hunywa maji, hujibu "ee" na "hapana", hulala. Huo uchangamfu kauonea wapi? Na hao wanaomtazama ni akina nani? Muuzaji kuwa mama hakukunisaidia kitu. Yangekuwa manukato ya kike, ningetulia. Yangekuwa ya kiume, ningejua pa kuanzia. Lakini haya ya wote! Akikaa karibu na mtu aliyepaka, nitajuaje harufu imetoka kwa nani ikaenda kwa nani?

Nikawa namnusa. Akienda kuoga, nanusa kitenge alichokivua. Siku moja alinikuta nimeingiza uso mzima kwenye mkoba wake.

"Unatafuta nini?"

"Kalamu."

"Kwa pua?"

Nikajiapiza: nikimpata mwenye harufu hiyo, Ruangwa basi. Atauzia vitenge barazani, nikimwona. Sikuwa natania. Nilishapima hata pa kuweka meza, katikati ya mlango na banda la kuku.

Nafasi ikaja siku ya mnada, alipokwenda Ruponda kumwona mama yake aliyekuwa anaumwa. Chupa aliiacha dirishani. Nikamwomba jirani, mama mmoja tunayetenganishwa naye na uzio wa mianzi, aniangalizie kuku. Alishtuka kweli.

"Unatoka? Wewe? Nani kafa?"

Wenye akili hugusa kijiti nyuma ya masikio, basi. Mimi nilijipaka kama mafuta ya mgando wakati wa baridi: shingo, mikono, kifua, na kola ya shati kwa nyongeza. Ndani ya gari abiria walishusha vioo bila kuambiana.

Mnadani nilitembea polepole kama ng'ombe anayeuzwa. Nikapita kwenye mitumba. Nikapita kwa vijana wa machimbo ya Namungo waliokuwa wakibishana mpira, mmoja akapiga chafya. Chafya si kutambua, nikamwacha. Nilipofika upande wa mbuzi, mfugaji mmoja, katika wale waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, mrefu, fimbo begani, akageuza shingo. Akanusa. Akatabasamu, tena kwa meno mazuri kabisa. Kisha akatazama nyuma yangu, kulia na kushoto.

"Mama wa vitenge kaja?"

Safari nzima nilimtaka mtu huyu, na sasa nimempata sijui nimfanye nini. Tena ana fimbo.

"Umemjuaje?"

"Si harufu yake hiyo? Akifika tu hapa, hata mbuzi wanajua." Akacheka. "Na kile kicheko chake! Yuko wapi?"

"Kicheko gani?"

"Kumbe humjui, mzee wangu. Akicheka kule kwenye vitenge, huku tunaacha kupatana bei."

Nikajikokota kuelekea kwenye vitenge, na njiani ndipo nikagundua kwamba kinachoniuma si yale meno. Ni kicheko. Nilijaribu kukikumbuka nikakikosa.

Pale anapotandaza vitenge vyake palikuwa wazi, wenzake wamemtunzia nafasi. Pembeni alikaa mama mnene mwenye kisanduku cha chupa ndogo ndogo. Kabla sijasema neno, akainua pua.

"Lete mkono."

Nikampa. Akaunusa, akaurudisha kama mtu anayerudisha nyanya iliyooza kwenye fungu.

"Shemeji, wewe ndiye wa kuku."

"Nani kakwambia?"

"Mtani wangu, mkeo. Hapa tunakujua wote. Mpaka unavyokohoa kabla ya kuuliza." Akakohoa, kikohozi changu hasa, halafu akakaza sauti: "'Leo umeletwa na nani?'"

Wauza vitenge wawili wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Bado ile ya pua kwenye mkoba!"

Kumbe hata kalamu yangu ilishafika Ruangwa.

Basi nikasimama pale kwenye jua, nanukia mke wangu, nikajiuliza mbaya wangu ni nani. Nikaona ni mnada mzima. Wote hawa, kuanzia mfugaji mpaka huyu mama na chupa zake, wana mwanamke anayecheka hadi bei zinasimama, anayeigiza watu wakashika mbavu. Mimi naletewa yule wa "ee" na "hapana", na miguu imevimba. Angekuwa na mwanaume mmoja, ningejua hasira nipeleke wapi. Mnada utaufanya nini? Niliwaonea wivu hata wale mbuzi.

"Hivi haya manukato," nikasema, nikitafuta heshima kidogo, "si ulisema ni ya wote?"

"Ya wanawake na wanaume, ndiyo. Sikusema ya kila mtu." Akafunga kisanduku chake. "Mtani wangu akiyapaka yanatembea. Kwako yamekaa tu."

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mke wangu alishanitangulia, amekaa kizingitini, na viatu hajavua. Mama yake alikuwa na nafuu. Kabla sijamaliza kuuvuka ua akainua uso.

"Umeniibia manukato."

"Kidogo."

"Kidogo? Nimekusikia tangu barabarani." Kisha akanitazama shati, akatazama vumbi la viatu. "Ulikuwa wapi?"

"Ruangwa."

Wote wawili tulijua nilichofuata. Nikakohoa, na mara hii nikajisikia nikikohoa. Hotuba ya meza barazani nilikuwa nayo tayari, nimeipanga tangu wiki iliyopita. Mdomoni likatoka jingine.

"Kwa nini hapa hucheki?"

"Nicheke saa ngapi? Sijatua mzigo, unaniuliza nimeletwa na nani. Nikikujibu, unaninusa. Kule watu wananiuliza bei ya kitenge."

"Na yule mfugaji naye anauliza bei?"

"Mfugaji yupi? Yule mwenye meno?"

"Unaona! Umeyatazama meno yake!"

Hapo akacheka. Kilimtoka ghafla, kikubwa, kinapanda na kushuka, hadi kuku bandani wakatulia kusikiliza. Alijishika magoti. Nikakitambua: alikuwa akicheka hivyo zamani, kabla sijaanza kukohoa mlangoni. Na hata pale, badala ya kufurahi kama mtu mwenye akili zake, nikawaza kwamba yule bwana na fimbo yake anakipata hiki kila mnada, bure, akiwa amesimama tu na mbuzi.

Meza ya barazani sikuitaja. Najua ningeitaja, angeikubali, maana hapendi ugomvi. Vitenge vingehamia hapa, na kicheko kingebaki kule kule kwenye vumbi, mimi nikabaki na mwanamke anayenukia vizuri, kimya, mita mbili kutoka kwenye kochi langu.

"Mnada ujao twende wote," nikasema. "Nitakubebea mzigo."

"Na kuku?"

"Kuku wataangaliwa." Nikavuta pumzi. "Ila na mimi uninunulie chupa yangu. Si ni ya wote?"

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anainama kuvua viatu wakati kichwa cha jirani kilipochomoza juu ya uzio. Alikuwa na ndoo ya pumba mkononi, na bila shaka alikuwa amesimama pale tangu neno la kwanza.

"Kambebee mwenzio mzigo, jirani, ila hayo manukato muachie mwenyewe, wewe hata ukijimwagia chupa nzima utanuka sebule."