Uzi Mwekundu wa Dada Kalunde

Enzi zetu pale Kabungu, mvua hazikungoja redio izitangaze. Walizileta mbayuwayu. Wakianza kuingia ghalani na matope mdomoni, mama anasema, "Nyie, majembe yako wapi?" na hapo ujue mchezo wa rede umekwisha. Mimi niliishia darasa la saba, ya kitaalamu siyajui vizuri, lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Wazo la uzi lilikuwa la dada yangu Kalunde. Nasema kwa haki, maana miaka mingi nimesimulia kana kwamba lilikuwa letu wote. Alipanda juu ya magunia ya mahindi, akamshika mbayuwayu kiotoni, akamfunga mguuni uzi mwekundu aliouchomoa kwenye sweta la shule. Akaulegeza mpaka punje ya ulezi ikapita kati ya uzi na mguu. Mimi wangu nikamfunga uzi mweusi, nikaukaza kweli, nikiogopa utadondoka. Dada akasonya: "Unafunga ndege au unafunga mbuzi?" Lakini ndege alikuwa ameshaniponyoka.

Kiangazi wakaondoka wote. Baba mdogo, mwenye ghala, akasema sasa anabomoa viota, vinyesi vinadondokea mahindi. Na kweli vilidondoka, siwezi kumlaumu. Dada akamsihi, wale wale watarudi. Baba mdogo akacheka.

"Ndege hana kwao, mwanangu. Wanaokuja ni wengine."

Wakakubaliana: mvua zikianza na uzi mwekundu usionekane, viota vinashuka. Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo. Tena nilimtania dada mbele za watu kwamba ndege wake ameshaliwa na paka wa kule Karema.

Mvua zikaja. Siku ya tatu baba mdogo akachukua mpini wa jembe, mimi nikatangulia ghalani kusogeza magunia. Nikamwona. Amekaa ukingoni mwa kiota, mguuni kauzi kekundu kamepauka. Sikusema mara moja. Niliwaza nikinyamaza nimeshinda mimi. Nilivuta gunia zima nikiwa kimya, naona aibu kuyaandika haya. Kisha nikaita, "Baba mdogo, weka mpini. Wa dada amerudi."

Akaingia, akamtazama ndege. Akaegemeza mpini ukutani, akamgeukia Kalunde aliyekuwa ameshatufuata mbio.

"Haya, mwenye ndege. Basi nisaidie kuhamisha mahindi yangu."

Tukahamisha yote upande wa pili. Wa uzi mweusi sikumwona tena, na sababu naijua.

Mwezi uliopita vijana wa utafiti walitega nyavu zao nyembamba kando ya hifadhi, wanawavisha ndege pete za chuma zenye namba, wengine wanawabebesha kidude chepesi mgongoni. Wanafanya kazi kwa adabu, sina neno. Ila mmoja ndege anamwimbia juu ya kichwa, yeye anamtafuta kwenye simu. Nikamweleza habari za dada yangu. Akatabasamu, akasema, "Sawa mama." Sidhani aliamini. Pengine hata mimi nisingeamini.

Wao watajua ndege alilala nchi gani na ziwa alilivuka siku ipi, na ni vizuri wajue. Watoto wa siku hizi viota viko juu ya mlango wao, wanapita chini hawainui shingo. Sisi tulijua jambo moja tu, kwamba amerudi, na siku ile Kalunde alikwenda kisimani kifua mbele, mimi nyuma yake nimebeba ndoo zote mbili bila kuambiwa.