Inspekta, Kanari Aliyenisikiliza Nikisoma

Enzi zetu, majira ya baridi yalikuwa na harufu ya makoti ya sufu yanayokauka juu ya radiateri ya kupasha chumba joto. Ninyi wenzangu mliokulia Ixelles, hapa Brussels, katika miaka ya tisini mnajua ninachosema. Tulivaa makoti ya binamu waliotutangulia kufika, tukafanya kazi za shule kwenye meza ileile ambayo maman alichambulia maharagwe. Jumamosi tulipelekwa Galerie d'Ixelles kusukwa, na msusi alituvuta nywele mpaka macho yakawa membamba. Ukilia, alikuvuta zaidi ili ulie kwa sababu. Jumapili, baada ya misa, papa alitununulia viazi vya kukaanga pale Flagey, karatasi moja kwa watoto wawili: mkubwa aligawa, mdogo alichagua. Sombe, yale majani ya muhogo, ilitwangwa humohumo ndani, ghorofa ya tatu, kinu kikiwa juu ya blanketi lililokunjwa mara nne ili Mbelgiji wa chini asigonge dari kwa mpini wa ufagio. Mbelgiji huyo ndiye chanzo cha furaha na cha msiba ninaotaka kuusimulia.

Tulifika Brussels kutoka Bukavu siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 1997. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miezi saba, na sikuwa nimemaliza hata mwaka mmoja wa shule, kwa maana kila nilipoandikishwa, vurugu za vita zilifunga madarasa. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba nilizaliwa na kalenda mkononi. Sasa yeye ametangulia, mimi ni mjane, na tarehe zangu bado nazitunza mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 1 Septemba 1997, niliketishwa pamoja na watoto wa miaka saba. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Wenzangu waliandika kwa kalamu za wino bila kudondosha hata tone, nami nilirudi nyumbani na wino mpaka kwenye kiwiko. Nilipoitwa kusoma kwa sauti, darasa zima lilicheka, na binti mmoja akauliza kwa adabu kabisa kama mimi nilikuwa msaidizi wa mwalimu. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alinipa ahadi: Jumatatu, tarehe 5 Januari 1998, ningesoma ukurasa mmoja mzima mbele ya mkuu wa shule. Nikiuweza, ningepandishwa kwa watoto wa rika langu. Nikishindwa, ningebaki na wale wadogo hadi Juni.

Jirani yetu wa chini alikuwa mzee mgane, aliyechimba makaa ya mawe tangu ujanani mpaka kifua kikamharibikia. Sisi tulimwita Papa Armand, kwa kuwa kwetu mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Mwanzoni alituambia kwamba hakuwahi kuzaa; baadaye alianza kuitika. Alipochoshwa na kinu chetu hakugonga dari, bali alipanda kuuliza kinatwangwa nini kila Ijumaa. Maman akampa sahani ya sombe. Alikula, akakohoa, akala tena, na tangu hapo Ijumaa ilipopita bila kelele alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jumapili, tarehe 7 Septemba, alinikuta ngazini nikilia, kitabu kikiwa magotini. Aliingia kwake akatoka na tundu dogo, ndani yake kanari wa njano mwenye doa la kijivu shingoni. Akaniambia nimsomee huyo, kwa sababu tangu atoke yaini hajawahi kumcheka mtu. Akaniachia na onyo moja, akilirudia kwa kidole: kanari huuawa na upepo wa baridi unaopenya mlangoni na dirishani.

Tulimwita Inspekta, maana niliposoma alinyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja kama mkaguzi wa shule anayesubiri ukosee. Nilipofunga kitabu, ndipo alipoimba. Nilimsomea jikoni kila alasiri, kwa siku mia moja na nne. Mdogo wangu Solange, aliyekuwa na miaka sita, alidai kwamba ndege huyo alikuwa anajua Kifaransa kunishinda. Sikumbishia. Kufikia Desemba niliweza kusoma nusu ukurasa bila kukwama, na ile nusu iliyobaki nilianza kuiona kama mtu anayeona ng'ambo ya mto.

Hapa ni lazima niwaeleze kuhusu mbabula. Papa alikuwa ametoboa ndoo kuukuu ya chuma, ikawa jiko la makaa, na maman alipikia huko kwenye baraza ya nyuma, roshani yetu ya ghorofani, kila tulipotarajia wageni. Jiko la gesi lilikuwepo, jeupe na safi, lakini yeye alilidharau. "Maharagi ya ku gaz," alizoea kusema, "alors, ni kama chakula ya hopital."

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1997, alikuwa akipikia wanakwaya waliotarajiwa kesho yake. Mvua ya barafu ilianza kupiga baraza. Maman alingoja mpaka makaa yakawa mekundu, kisha akaiingiza mbabula jikoni. "Moshi imeisha," alisema, "donc haina shida." Jiko letu la Bukavu lilikuwa nje ya nyumba, kuta zake za mbao zenye nafasi ya kupitisha mkono; huko mtu aliogopa moshi tu, kwani moshi ndio uliowasha macho. Akaenda chumbani kukunja nguo. Mimi, nikikumbuka onyo la Papa Armand, nilifunga dirisha sawasawa, nikafunga mlango, nikaziba nafasi ya chini kwa taulo ili upepo usimfikie Inspekta. Kisha nikaketi kusoma.

Kichwa kilianza kunigonga. Solange alikuwa amelalia meza, nami nikamwonea wivu kwa usingizi wake. Nilifika mstari wa tisa, nikainua macho kumtazama mkaguzi wangu, nikamkuta ameanguka chini ndani ya tundu, mdomo wazi, miguu imekunjwa.

Nilimbeba viganjani, nikashuka ngazi nikiyumba. Papa Armand alimtazama ndege, akanitazama usoni, akauliza jambo moja: nani mwingine yumo jikoni? Sikupata kumwona mzee yule akikimbia, kabla ya siku ile wala baada yake. Alifungua dirisha, akamtoa Solange barazani akiwa amelegea kama nguo iliyoloa, akaisukuma mbabula nje kwa mguu. Solange alitapika, akalia, na kilio chake kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote. Ndipo mzee akaketi sakafuni, akitafuta pumzi, akaniambia nimfasirie maman, aliyekuwa ametoka mbio chumbani.

Nilifasiri. "Maman, anasema makaa ikikuwa nyekundu inaua bila moshi. Anasema ku mine ya makaa walikuwa wanashuka na ndege kama hii, ndege inakufa mbele, watu wanatoka. Anasema bila Inspekta tungekufa, miye na Solange."

Papa Armand aliuliza pia ni nani aliyeweka taulo mlangoni. Hilo sikulifasiri.

Alimzika Inspekta katika ua wake, ndani ya kopo la biskuti, nami nikafunga kitabu. Niliamini kwamba nimemuua kwa mikono yangu, na kwamba karibu nimuue mdogo wangu, na sikuona haki ya kupandishwa darasa kwa mgongo wa marehemu. Krismasi ikapita. Papa alinisihi nisome, nikakataa. Zikabaki siku saba kabla ya kusoma mbele ya mkuu wa shule.

Kwetu, mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Akikukosea, alikuwekea kipande kikubwa cha nyama, nawe ukaelewa kwamba shauri limekwisha. Tangu siku ile nilikuwa nimekwisha kupokea vipande vitatu, na shauri lilikuwa bado bichi.

Jumatatu, tarehe 29 Desemba, alasiri, maman aliingia jikoni, akafuta mikono, akaketi mbele yangu.

"Mutoto wangu," akasema, "miye njo niliua ndege yako. Unisamehe."

Sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Lilinitoa machozi, na pamoja na machozi likanitoka lile la taulo. "Maman, njo miye nilifunga mulango. Niliweka taulo."

Alivuta kiti chake karibu. Kisha akasema, "Basi, tuko wawili. Bon. Kamata kitabu, usome."

Nilimwambia kwamba yeye hajui Kifaransa.

"Na ile ndege, ilikuwa inayua?"

Nikasoma. Maman hakujua kusoma lugha yoyote, wala hakuelewa neno hata moja kati ya kumi, lakini aliketi mpaka mstari wa mwisho, mikono yake imetulia mapajani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona mikono ile haina kazi. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na Jumatatu ya tarehe 5 Januari 1998 nilisoma ukurasa mzima mbele ya mkuu wa shule, nikakosea mara mbili. Jumanne nikaketi na watoto wa rika langu.

Leo mambo yamekuwa mepesi, na sisemi kwamba ni vibaya. Watoto wetu wakipewa ndege watampiga picha mia kabla ya kumpa maji. Binti yangu ana miaka kumi na minne; akijiandaa kwa mtihani huisomea simu yake, na simu humsahihisha matamshi kwa upole ambao mimi sina. Wazazi nao tumebadilika. Tunaomba msamaha kabla ya supu na baada ya supu, na watoto wanaupokea kama mkate: upo kila siku, kwa nini mtu ashtuke?

Majira ya baridi yaliyopita nilimgombeza binti huyo kwa kosa ambalo hakulitenda. Nilipogundua, sikutafuta nyama sokoni. Nilikwenda chumbani kwake, nikasimama wima, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, unisamehe."

"T'inquiète, maman," akajibu, yaani nisijali, akanipa tabasamu zuri, masikio yake yakiwa yamezibwa na muziki.

Alinisamehe kweli, na kwa moyo mweupe. Lakini nilikawia pale kidogo, nikijifanya natazama dirisha, nikingoja aniambie niketi.