Matundu ya Ukingo wa Mto

Kila asubuhi, kabla hajamwamkia mtu, mzee mmoja mwashi hushuka ukingoni kuchomoa matambara ambayo majirani wameyasokomeza katika matundu yaliyoachwa kwenye ukuta wa ukingo ili maji yatoke, wakiogopa mto usiingie. Mawe ya chini aliyapanga babu yake. Ya juu aliyapanga mwenyewe, baada ya mafuriko ya zamani kupungua na maji yaliyonaswa nyuma ya matundu yaliyozibwa kuusukuma ukuta ukaangukia mtoni. Msimu huu mto ulipopanda, mke wa mwanawe, anayeshona nguo katika chumba kilicho juu ya ukuta huo, naye akaziba tundu kwa kitambaa kipya kabisa. Mzee akakichomoa, akakikamua taratibu, akamrudishia.

“Baba, na nyumba ikienda?”

“Maji yakiingia hapa, yatatokea hapa hapa, mkwe wangu. Leo nalala kwenu. Ukinisikia nakoroma, nawe lala.”