Mdomo Uliofungwa Mapema

Kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mmoja wa kaunta ya vifurushi pale posta alitafsiri filamu ambayo hakuelewa hata neno lake moja, na mji mzima ukaridhika. Hakuwa tapeli. Tapeli hujua anachokificha. Yeye alikuwa akiziba pengo tu, kama alivyofundishwa kazini, ambako kifurushi kikifika kimechanika huzungushiwa kamba, hupigwa muhuri, na safari ikaendelea.

Pengo lenyewe lilitokea hivi. Ukumbi wa sinema wa mji ule, wenye viti mia na themanini na feni tatu, mbili kati yake zikiwa za mapambo, uliletewa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya lugha ya mbali. Pamoja na mikanda ilitakiwa ije karatasi yenye maneno yote kwa Kiswahili. Mikanda ilifika, karatasi haikufika. Meneja wa ukumbi akaenda posta kuulizia, akajibiwa na msichana ambaye sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara kwamba hakuna karatasi yoyote, haikuja, na hapa si mahali pa kuegemea.

"Hiyo sauti," Meneja alisema, "umeikatia leseni?"

Jumamosi iliyofuata msichana alisimama kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, akaona taa zinazimwa.

"Wanasema nini?" alimnong'oneza Meneja.

"Wewe unaonaje?"

Aliona mzee mwenye masharubu, wanawake wawili, nyumba moja na sanduku moja. Kufikia mwisho wa mkanda wa kwanza mzee alikuwa baba, wanawake walikuwa mtu na mdogo wake, na nyumba ilikuwa ya kugombaniwa. Hakwenda mbali kuyatafuta hayo. Kwao kulikuwa na nyumba moja, mtu na mdogo wake, na mzee mwenye masharubu ambaye wakati huo alikuwa bado hai, akilalamika kwamba chai imepoa. Maneno ya mezani kwao yakahamia kwenye skrini bila hata kubadili nguo. Watu walilia, wakacheka, wakarudi Jumamosi ya pili. Tangu hapo kila shule zilipofungwa filamu ilirudishwa, na yule msichana, ambaye umri ulikuwa ukimpanda kimya kimya, akawa anaitwa Mkalimani hata na wanaokuja kutuma barua.

Sheria yake ya kazi ilikuwa moja: mdomo ukifunguka, sema, ukifungwa, nyamaza. Mtu wa kwenye filamu akigeuza mgongo, hapo ndipo Mkalimani alipojimwaga, kwa kuwa mgongo hauna ushahidi. Yule mzee wa masharubu, mwenye mazoea ya kusimama dirishani akitazama nje, ndiye aliyepata hotuba ndefu kuliko wote.

Mambo yangeendelea hivyo kama mama yao asingefariki na kuacha cherehani.

Mdogo wake Mkalimani alikuwa fundi wa kushona, wa mapazia na vitambaa vya viti, hata viti vya ukumbi ule vilivikwa na mikono yake. Kwa akili ya kawaida cherehani ilikuwa yake. Mkalimani aliitaka kwa sababu yeye ndiye mkubwa, sababu ambayo katika familia huhesabiwa kuwa nzito ingawa haijawahi kusogeza mizani yoyote, na yeye mizani alikuwa nayo kazini. Walirushiana maneno barazani. Mdogo mtu akatamka sentensi moja, Mkalimani akaondoka kabla sentensi haijapoa.

Mwaka huohuo, filamu ilipofika pale wanawake wawili wanapovutana sanduku, Mkalimani alitangaza kwamba ndani ya sanduku mna cherehani ya marehemu mama. Kisha yule mwanamke mwembamba akafungua mdomo, na ukumbi mzima ukamsikia akimwambia dada yake: "Hata kifungo hujui kushona."

Watu walicheka mpaka feni inayofanya kazi ikasikika kama imesimama. Ndani ya wiki moja sentensi ile ilikuwa imeenea mji mzima. Mwalimu akishindwa kufungua kabati, darasa zima lilimwambia. Bwana harusi alimwambia bibi harusi, akajibiwa hivyohivyo. Na wateja wa Fundi, wakiwa wamenyoosha mikono wapimwe, walimwimbia usoni wakidhani wanamchangamsha.

Fundi alikwenda posta akasubiri zamu yake kwenye foleni kama raia mwingine.

"Dada, umenitia kwenye sinema."

"Nani, mimi?" Mkalimani alisema, akipiga muhuri kifurushi kilichokwisha kupigwa muhuri. "Filamu ndiyo inasema hivyo. Mimi natafsiri tu. Naapa."

Tangu siku ile hawakusemeshana miaka saba. Ilikuwa kazi ngumu, maana waliishi katika nusu mbili za nyumba ya wazazi wao, milango ikitazamana, na bomba moja la maji katikati ya ua. Kazi yote ilimwangukia mume wa Fundi, kinyozi, mtu mpole ambaye mchana kutwa alishika wembe shingoni mwa watu na jioni akarudi nyumbani kwenye hatari halisi.

"Mwambie dada yangu," Fundi alikuwa akisema kutoka mlangoni kwake, "bomba si lake peke yake, na kama anataka mto akahamie mtoni."

Kinyozi alitembea hatua sita. "Shemeji, mdogo wako anakusalimu. Anauliza kama umemaliza na bomba."

"Mwambie bomba hili baba alilifunga mimi nikimshikia taa, yeye akiwa bado hajafikiriwa."

Hatua sita. "Dada anasema ahsante. Anamalizia."

Wote wawili waliyasikia maneno halisi, kwa kuwa hatua sita si safari. Lakini walingoja tafsiri, na tafsiri ndiyo waliyoijibu. Ndivyo nyumba ilivyosimama.

Kitu kimoja tu hakikuwa na tafsiri. Mwaka ule wa ugomvi, kifungo cha pili cha koti la kazi la Mkalimani kilikatika, na ni kweli kwamba hakujua kushona kifungo. Alibana kwa pini. Wakubwa wa posta walibadilika mara tatu, sare ikabadilishwa rangi, na kifungo cha koti jipya nacho kikakatika, palepale pa mwenzake, kama kimetumwa. Pini ilihamia. Kila asubuhi alivuka ua ikiwa inang'aa kifuani, na kila asubuhi mdogo wake, mwenye mkebe wa vifungo mia sita, aliitazama pini ile mpaka ikapinda kona.

Basi ikaja asubuhi ambayo Meneja, sasa mwenye kitambi na miwani, aliegemea kaunta akiwa na habari njema.

"Tumepata nakala mpya. Picha imesafishwa. Na chini kuna maandishi ya Kiswahili, yamefanywa na watu wanaoijua ile lugha." Alivua miwani akaifuta. "Na wewe utapumzika. Umechoka, mama."

Mkalimani aliipima barua ya mtu mara mbili, akaipatia uzito wa kuku.

Kusimama kando ya skrini angeweza kukosa, ingawa kungemuuma. Kilichomkosesha raha kilikuwa kile kiapo. Mji mzima ungesoma, na katika mji mzima palikuwa na msomaji mmoja. Jioni ile sauti ilitoka mlango wa pili.

"Mwambie dada yangu, Jumamosi nakwenda kusoma mwenyewe."

Kinyozi alitembea hatua sita, na kwa mara ya kwanza hakupata pa kulainisha. "Shemeji," alisema, "anasema Jumamosi anakwenda kusoma mwenyewe."

Mkalimani alifunga bomba. Neno samahani alikuwa amewapa watu wa filamu bila uchoyo. Mzee wa masharubu peke yake alipewa mara tatu kila onyesho. Lake mwenyewe lilikuwa halijapata mdomo.

Jumamosi saa nane mchana alinunua tiketi kwa mara ya kwanza maishani, akaketi nyuma, kiti cha pembeni. Fundi alikuwa mstari wa mbele, amevaa miwani ya kutungia uzi, mumewe ubavuni. Ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa.

Matatizo yalianza dakika ya tatu. Mzee mwenye masharubu alisimama dirishani, na chini yake yakaandikwa maneno: "Bibi, mimi ni wakili tu. Nyumba hii hainihusu."

"Wakili wa nani?" mtu aliuliza gizani. "Huyo si baba yao?"

"Miaka ishirini ni baba yao," akajibu mwingine. "Leo ndiyo amewakana."

Baada ya muda maandishi yalidai kwamba wale wanawake wawili si ndugu, bali mmoja ni mkwe wa mwenzake. Ukumbi ulipokea habari hizo kama mtu aliyeambiwa jina lake limeandikwa vibaya kwenye cheti. Bibi mmoja muuza nyanya alisimama akamwelekea mwendesha mashine, juu kule kwenye tundu lake. "Kijana, umeweka filamu nyingine."

"Ni hiihii, bibi."

"Basi walioandika hawakuitazama."

Mkalimani alizidi kuzama kitini. Sanduku lilikuwa limeshatokea. Wanawake walilivuta huku na huku. Maandishi yalisema ndani mna barua. Yule mwembamba akainua uso, na watu mia na themanini wakavuta pumzi. Mdomo ukafunguka. Chini pakaandikwa: "Haya."

Basi. Haya.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha mji mzima uliokosa ngazi gizani. Kisha, kwa mazoea tu, sauti moja ikasema sentensi, nyingine ikadakia, na ukumbi wote ukamalizia kwa pamoja: "Hata kifungo hujui kushona."

Fundi alisimama. Kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye picha, kikamfunika wakili.

"Sikusema hivyo," alisema.

Mwendesha mashine, mtu mwenye adabu, alisimamisha mkanda na kuwasha taa.

"Nilisema hivyo," Fundi alijisahihisha, "lakini sikuishia hapo." Hakumtazama mumewe. Hakusema "mwambie". Alitazama nyuma kabisa, kiti cha pembeni. "Dada. Uliapa filamu ndiyo imesema. Hapa imeandikwa 'Haya' tu."

Mkalimani alisimama. Sauti iliyokuwa ikivuka barabara ilifika mstari wa tatu kutoka nyuma ikachoka. "Niliapa uongo," alisema. "Samahani, mdogo wangu."

"Sikusikii."

"Samahani." Hii ilifika hadi posta.

"Na maneno mengine niliyosema siku ile, hukuyasikia?"

"Niliyasikia. Nilikuwa nimefika getini, lakini niliyasikia."

"Basi kwa nini hukuyaweka?"

Mkalimani alikunjua mikono kama mtu anayemweleza mteja kanuni za posta. "Mdomo wake ulifungwa mapema. Nafasi haikutosha."

Fundi aliutafakari utetezi huo. Kinyozi aliona mabega ya mkewe yanaanza kutikisika, akajiandaa kwa kilio, kwa kuwa ndiyo shughuli aliyoizoea. Kilikuwa kicheko.

"Miaka saba," Fundi alisema akishika kiti. "Miaka saba tumenuniana kwa sababu ya mdomo wa mtu hata hatumjui."

"Ni mwembamba sana ule mdomo," Mkalimani alisema. "Mwangalie mwenyewe."

"Njoo hapa mbele. Na hiyo pini njoo nayo." Aligeukia juu. "Kaka, rudisha mkanda, kabla ya sanduku. Na hayo maandishi yazibe, yanachanganya watu."

Kurudisha mkanda kulichukua dakika sita. Mwendesha mashine alikata kipande cha boksi la sabuni akakifunga mbele ya lenzi. Maandishi yakatoweka, na miguu ya wahusika wote pamoja nayo. Meneja alikwenda mwenyewe kutoa kipaza sauti kabatini, akiwa na uso wa mtu ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote apumzike. Na chini ya skrini, Fundi alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akapekua mkoba, akatoa kifungo cha kijivu cha matundu manne.

"Ulikuja nacho?" Mkalimani aliuliza.

"Kimo humu mkobani tangu mlipobadilisha rangi ya sare. Usipumue hivyo, nitakuchoma."

"Shemeji," Mkalimani alisema, "mwambie mkeo anachoma kweli."

Kinyozi alifungua mdomo. "Anasema umeshika vizuri," alimwambia mkewe, na hapo ndipo ukumbi ulipocheka kicheko cha kwanza cha siku ile.

Taa zilizimwa. Mkalimani alikuwa bado amefungwa kwa uzi kwenye mkono wa mdogo wake, hivyo walisimama wote wawili kando ya skrini. Baba yao alirudi dirishani akatoa hotuba kuhusu chai iliyopoa. Sanduku likatokea. Mkalimani akampa mdogo wake kipaza sauti.

Yule mwembamba akainua uso, akafungua mdomo.

"Hata kifungo hujui kushona," Fundi alisema, na ukumbi ukasema naye. Mdomo kwenye skrini ukafungwa. Fundi hakujali; hakuwa na sheria za kazi. "Kwa hiyo kikikatika, uje kwangu. Usiende kwa fundi mwingine, watakuharibia koti. Njoo hata kama tumegombana. Njoo hata kama hakijakatika."

Alipofika hapo wanawake walikuwa wameshaondoka kwenye picha, na aliyebaki alikuwa mpita njia mmoja asiye na miguu, akiendesha baiskeli polepole barabarani, ambaye katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kupewa neno hata moja. Mwaliko wote ukamwangukia yeye. Aliutoa vizuri, akielekea upande wa kushoto, na hakuna hata mtu mmoja aliyedai kurudishiwa pesa ya tiketi yake.

Fundi aliukata uzi kwa meno.